Pumzi ya Dizeli na Kilango Chake

Somo la Redio kwa Watu Wazima: Historia ya Ufundi

Leo tutasema habari za chombo kidogo kilichogeuza kazi ya lori la dizeli, yaani turbo, na hasa jinsi watu walivyojifunza kukitawala. Somo hili limetokana na swali ambalo wenye malori ya zamani ya kuvuta tela huuliza mara kwa mara: "Gari langu ni zima, lakini likipanda mlima na mzigo huchoka. Nikitaka kuongeza nguvu ya turbo, nichague kifaa gani?" Swali ni la leo, lakini jibu lake limo katika historia, kwa kuwa kila kifaa kinachouzwa dukani kilibuniwa ili kuondoa shida fulani. Mnunuzi asiyeijua shida ile hawezi kujua kama ndiyo shida yake.

Kwanza tufahamu kazi ya injini yenyewe. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Huvuta hewa, huibana mpaka ikawa na joto kali, kisha pampu hunyunyiza mafuta ndani ya hewa hiyo, nayo huwaka yenyewe. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliionyesha injini yake ikifanya kazi barabara mjini Augsburg mwaka 1897. Ilikula mafuta kidogo kuliko mashini za mvuke, lakini ilikuwa nzito, tena ilikuwa na mpaka wake: mafuta hayawezi kuwaka yote pasipo hewa ya kutosha. Ukizidisha mafuta bila kuzidisha hewa, utapata moshi mweusi na joto, wala hutapata kazi zaidi. Shikeni neno hilo, maana tutalirudia.

Fundi mmoja wa Uswisi, Alfred Büchi, aliona kwamba moshi utokao katika injini una nguvu nyingi inayopotea bure. Mwaka 1905 alipata hati ya uvumbuzi kwa shauri hili: moshi uzungushe gurudumu lenye mapanga, na gurudumu hilo, kwa mtaimbo mmoja, lizungushe gurudumu la pili la kusukuma hewa ndani ya silinda. Shauri lilikuwa jema, lakini lilingoja miaka mingi kabla ya kuleta faida, kwa sababu chuma cha siku zile hakikuvumilia joto lile. Hata mwaka 1926 meli mbili za abiria za Kijerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zikapata injini za namna hiyo. Injini iliyokuwa na nguvu za farasi 1,750 ikatoa 2,500. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 40, na silinda ni zile zile.

Wakati huo watu wa ndege walikuwa na haja yao. Kadiri upandavyo juu, hewa huwa nyepesi, na injini huishiwa pumzi. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipeleka injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, akaonyesha kwamba turbo hurudisha nguvu iliyopotea. Dereva wa lori atokaye Mombasa kwenda Nairobi aijua habari hii kwa mguu wake wa kulia. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na msukumo wa hewa yake ni karibu sehemu nne tu katika tano za ule wa pwani.

Turbo ilifika katika malori polepole. Kampuni ya Saurer ya Arbon, Uswisi, ilitengeneza injini ya lori yenye turbo mwaka 1938. Mwaka 1954 Volvo ya Sweden ilitoa lori la Titan lenye turbo, na nguvu za farasi zikapanda kutoka 150 hadi 185. Baina ya miaka hiyo kulitokea jambo lenye fundisho. Mwaka 1952 kampuni ya Cummins ya Marekani ilipeleka motakaa ya dizeli yenye turbo katika mashindano makubwa ya Indianapolis. Katika majaribio ilipata nafasi ya kwanza mstarini. Lakini siku ya mashindano iliondoka baada ya mizunguko 71, kwa kuwa mdomo wa kuvutia hewa wa turbo uliziba kwa vipande vya mipira ya magurudumu. Injini haikuwa na kosa, ilinyimwa pumzi. Basi mwenye lori na achunguze kichujio cha hewa na mipira ya hewa kwanza, kabla ya kutoa senti moja kununua kifaa kipya.

Sasa tuje kwenye kilango. Turbo ina tabia moja ya hatari: kadiri injini inavyotoa moshi, ndivyo turbo inavyozunguka, na kadiri inavyozunguka, ndivyo injini inavyoweza kuchoma mafuta na kutoa moshi zaidi. Mtaimbo wake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Zamani mafundi waliuzuia mwendo huo kwa kuchagua turbo yenye nyumba kubwa upande wa moshi. Turbo hiyo haikuweza kupita kiasi, lakini ilichelewa kuamka. Dereva alikanyaga mafuta, moshi mweusi ukatoka, na nguvu ikaja baadaye. Pikapu ya Dodge Ram ya mwaka 1989, yenye injini ya Cummins ya lita 5.9 na nguvu za farasi 160, ilikuwa ya namna hiyo: turbo yake haikuwa na kilango.

Katika toleo la mwaka 1994 injini ya ukoo ule ule ilipewa turbo yenye nyumba ndogo zaidi, pamoja na kilango. Watu wengi hufikiri kilango kiliwekwa ili kupunguza nguvu, na wengine hukiziba kwa fikira hiyo. Kumbe kilango ndicho kilichomruhusu mtengenezaji kutumia turbo ndogo yenye kuamka mapema. Chini ya mlima, injini ikienda polepole, moshi wote hupita katika gurudumu. Msukumo wa hewa ukifika kiasi kilichopangwa, hewa hupita katika mpira mwembamba hadi ndani ya kikopo chenye utando na springi. Utando husukuma fimbo, fimbo hufungua kilango, na moshi uliozidi hupita kando bila kuligusa gurudumu. Kwa injini za namna hii kiasi hicho kilikuwa karibu ratili 20 kwa kila inchi ya mraba.

Vifaa vya kubadili kiasi hicho ni vya aina tatu kubwa. Ya kwanza ni kuikaza fimbo au kutia springi ngumu zaidi. Njia hii ni rahisi na haina kitu cha kuharibika, ila haibadilishiki ukiwa safarini. Ya pili ni vavu ndogo yenye skrubu iwekwayo katika ule mpira, nayo hupunguza hewa inayokifikia kikopo, hata kilango kikachelewa kufunguka. Bei yake ni ndogo, lakini uchafu huweza kuiziba, na skrubu isiyofungwa vema huhama kwa mtikisiko. Ya tatu ni ya umeme, yenye kompyuta na vavu inayofunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde. Kampuni ya Saab ilianza kutumia utawala wa namna hiyo katika motakaa zake za petroli mwaka 1982. Ni kazi nzuri, lakini lori la zamani lenye pampu isiyo na umeme halina kompyuta ya kuzungumza nayo. Kifaa hicho lazima kije na vipimio vyake chenyewe, na nyaya zake ni mahali papya pa kuharibika. Turbo zenye mapanga yanayogeuka, kama ile ya Ford ya mwaka 2003, zina hukumu hiyo hiyo: ukiondoa kompyuta yake, umenunua chuma tu.

Hapo ndipo lile neno la mwanzo linaporudi. Kilango huweka mpaka, hakileti nguvu. Nguvu hutoka katika mafuta. Kama pampu yako yatoa mafuta yale yale ya kiwandani, kukaza kilango kutazuia moshi usitoke upesi, na faida utakayoiona ni ndogo. Na ukiongeza mafuta pampuni ukaiacha hewa vile vile, joto la moshi litapanda. Mafundi wengi wa magari haya hushika mpaka wa nyuzi za Fahrenheit 1,250, yaani kama 680 za Sentigredi, kwa kupanda mlima mrefu. Aluminiamu safi huyeyuka kwa nyuzi 660, na pistoni nyingi zimetengenezwa kwa madini yenye aluminiamu. Pistoni haifiki joto la moshi, kwa kuwa hupozwa kwa oili, lakini mwaona jinsi nafasi ya usalama ilivyo ndogo.

Wako watakaosema: "Malori ya 1989 hayakuwa na kilango na yameishi miaka mingi, basi na mimi nikizibe changu." Jibu ni kwamba yale yalikuwa na nyumba kubwa na mafuta machache. Ukiziba kilango cha turbo ndogo na kuongeza mafuta, umeondoa breki uliyopewa na nyumba kubwa, kisha ukaondoa na breki ya kilango. Malipo yake ni gasketi iliyopasuka, au turbo iliyovunjika, na tela limesimama katikati ya mlima. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Kwa hiyo nashauri utaratibu huu. Kwanza nunua saa mbili, moja ya msukumo wa hewa na moja ya joto la moshi, na hicho cha pili kipimwe kabla ya turbo. Pili tafuta mahali hewa inapovuja, hasa kwenye mipira ya kipoza-hewa. Tatu, kwa lori lenye pampu isiyo na umeme, chagua njia ya fimbo au springi, ukaongeza ratili chache tu, kisha panda mlima ule ule kwa mzigo ule ule ukitazama saa zako. Joto likizidi, ondoa mguu na rudisha gia chini. Injini itazunguka upesi na kupata hewa zaidi kwa kila tone la mafuta. Nne, kumbuka kwamba nguvu ya kupanda haiongezi nguvu ya kushuka. Breki, ekseli na uzito ulioandikwa na mtengenezaji havibadiliki kwa sababu turbo imebadilika, na huko mteremkoni wako watu wengine barabarani.

Büchi alitaka kitu kilichopotea kirudi kazini. Mwenye lori mwenye busara hutaka hicho hicho, na kwa kiasi ambacho chuma chake kitavumilia mpaka watoto wamalize shule.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Kwa nini turbo ndogo yahitaji kilango kuliko turbo kubwa?
2. Lori lina mafuta ya kiwandani, na mwenyewe amekaza kilango tu. Ataona nini?
3. Kati ya saa mbili tulizozitaja, ipi mngeinunua kwanza kama fedha zatosha moja tu, na kwa sababu gani?