Mzigo wa tatu: njia ya Tabora ilivyokifikisha Kiswahili Siberia

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kale ya misafara katika orodha ya awali ya maeneo inayotaka yatambuliwe na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia. Njia hiyo inaanzia Bagamoyo, inapita Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara, pale jirani na Tabora, na inaishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Jina lililoandikwa kwenye orodha ni la Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu. Jina hilo ni la kweli, na uchungu uliomo ndani yake lazima ukumbukwe. Hata hivyo linataja mizigo miwili tu. Kulikuwa na mzigo wa tatu, usiopimwa kwa frasila wala kutozwa hongo, nao ni habari: ujuzi wa nchi, wa maji, wa watu na wa mwendo, uliopokewa na kupokezwa kutoka kambi hadi kambi. Mzigo huo ulichora upya ramani ya maziwa ya Afrika, na kabla karne ya 19 haijafunga, ulikuwa umekifikisha Kiswahili mpaka kwenye milima ya theluji ya Siberia. Tukiusahau, tunabaki na historia ya wabebaji wasiokuwa na macho, na watu hao hawakuwa hivyo.

Tuutazame kwanza msafara wenyewe. Mbele anatangulia kirangozi, amevaa joho jekundu na ngozi ya mbega, mkononi ana bendera. Nyuma yake wanafuata wabeba pembe, na pembe kubwa hufungwa kengele ili msafara usikike. Kisha wabeba vitambaa: jora hukazwa kwa mikeka na kamba mpaka liwe kama mto mrefu, likafungiwa vijiti vyenye panda, ili mpagazi akitaka kupumzika auegemeze mzigo kwenye mti bila kuinama hadi chini. Mtu hubuni panda hiyo baada ya kuinama mara nyingi mno. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na Mgunda Mkali, nyika isiyo na maji ya uhakika. Hapo dawa ilikuwa terekeza: watu wanapika na kunywa asubuhi, wanajaza vibuyu, wanaondoka jua likishapinda, wanalala pasipo maji, na alfajiri wanakaza mwendo mpaka kisima kinachofuata. Anayeongoza terekeza lazima ajue umbali wa kila kisima, mwezi ambao kinakauka, na nguvu zilizobaki miguuni mwa watu wake. Akikosea, watu wanakufa. Huo ni ujuzi wa kusafiri katika nchi inayoua, ule ule ambao wasafiri wa barafu ya kaskazini waliuhitaji, ingawa huku adui alikuwa kiu na kule ni baridi.

Ulaya ya wakati ule ilikuwa na desturi ya kuzitumia habari za watu wa nchi na papo hapo kuzitilia shaka. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea pwani ya Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake aliuita weupe ule kwa neno moja tu, baridi. Neno hilo lilitosha, kwa kuwa mtu hawezi kuyaita mawe meupe baridi kama hajui kinachotokea kwa wanaoyakaribia. London, mtaalamu wa jiografia William Cooley alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, na alishikilia hivyo kwa miaka. Upande wa kaskazini mambo yalikwenda vivyo hivyo. Sir John Franklin aliondoka Uingereza mwaka 1845 na meli mbili, Erebus na Terror, akitafuta njia ya bahari kupitia barafu ya Aktiki. Watu 129 walipotea wote. Mwaka 1854 msafiri John Rae alirudi na habari alizopewa na Wainuiti juu ya mwisho wa mabaharia wale, na baadhi ya wakubwa wa London, Charles Dickens akiwemo, wakazibeza kwa sababu waliozitoa si Wazungu. Erebus ilipatikana mwaka 2014 katika eneo ambalo masimulizi ya Wainuiti yalikuwa yakilielekeza tangu zamani, na Terror ikafuata mwaka 2016. Msafiri mwenye busara zaidi alikuwa Roald Amundsen. Kabla hajakamilisha njia ile ya bahari kati ya 1903 na 1906, alikaa na Wainuiti na kujifunza kwao mavazi ya ngozi na uendeshaji wa mbwa.

Tabora ilikuwa mahali ambapo habari za namna hiyo zilikusanywa, zikalinganishwa na kuchujwa. Wasafiri Richard Burton na John Speke walifika huko, mahali walipopaita Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857. Ramani waliyoijua ilikuwa imechorwa na wamisionari wa pwani, na ilionyesha ziwa moja kubwa mno, lililoenea katikati ya bara kama konokono asiye na gamba. Nayo ramani hiyo ilitokana na maneno ya wasafiri, ila maneno hayo yaliunganishwa na watu waliokuwa mbali na njia. Kazeh walimkuta Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu mwenye uzoefu mrefu wa bara, aliyewaeleza kwamba maziwa ni mbalimbali: moja liko magharibi, jingine kaskazini, jingine kusini. Agosti 1858 Speke alilifikia lile la kaskazini, ambalo sasa ramani zinaliita Victoria. Vitabu vinasema aliligundua. Sahihi zaidi ni kusema alikwenda kulithibitisha, baada ya kuambiwa liko wapi na mtu aliyekaa barazani Tabora. Na habari za mtu huyo zilitokana na mamia ya watu, Wanyamwezi kwa wapwani, waliozipima kwa siku za mwendo.

Kutoka hapo tunafika Siberia. Mwaka 1901, huko Göttingen, Ujerumani, Carl Velten alitoa kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Velten aliwahi kuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huku Afrika Mashariki, kisha akafundisha Kiswahili Berlin. Ndani ya kitabu hicho, Sleman bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya biashara ya kuingia bara kwa njia ya misafara. Katika jalada hilo hilo, Salim bin Abakari, Mngazija, anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia, aliyoifanya katika miaka ya 1890 akiwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller. Safari hizo mbili hazikuwekwa pamoja kwa bahati tu, kwani namna ya kusimulia ni moja. Katika masimulizi ya njia, msafiri hasemi sana moyo wake ulijisikiaje. Anasema alilala wapi, walipita watu gani, wanakula nini, wanavaa nini, wanaabudu vipi, wanajenga kwa vitu gani, na mgeni anapokewaje. Salim alikwenda na mizani hiyo mpaka kwa Wakalmuki na Wakirgizi, akawapima kama ambavyo mtu wa pwani angewapima Wagogo au Wanyamwezi. Wazungu walikuwa wamezoea kuja kutuandika sisi. Hapa Mswahili anawaandika wenyeji wa nchi ya baridi, kwa Kiswahili, akitumia vipimo vya nyumbani kwake.

Hata lugha ilikuwa tayari kwa kazi hiyo. Pwani hakudondoki theluji, lakini Kiswahili kilikuwa nalo neno theluji kutoka Kiarabu, na neno barafu lililovuka bahari kutoka upande wa Uajemi na Bara Hindi. Maneno hayo yaliletwa na biashara, kama vile biashara ilivyoleta shanga na jora. Lugha iliyoyapokea kabla ya wenyewe kuviona vitu hivyo ni lugha ya wasafiri, na Salim aliikuta imekwisha kufungasha mizigo yake.

Wapo watakaosema kwamba mashahidi hawa ni dhaifu. Salim alikuwa mtumishi, hakuchagua mwenyewe kwenda, na masimulizi yake yalitolewa na Mjerumani kwa faida ya Wajerumani waliojifunza lugha ili watawale. Yote hayo ni kweli, na kila anayesoma kitabu kile anapaswa kuyakumbuka. Asitegemee kumwona mtumishi akimkosoa bwana wake waziwazi. Lakini aliyelipa safari si lazima awe ndiye mwenye macho. Franklin naye alitumwa na Wanamaji wa Uingereza, Burton alitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia, na hakuna anayesema kwamba waliyoyaona si yao. Kama kutumwa hakumwondolei Burton heshima ya kuitwa msafiri, hakuwezi kumwondolea Salim. Na kwa kuwa kitabu kilikusudiwa kufundisha lugha, kilihitaji Kiswahili cha wenyewe, chenye mpangilio na maneno yao.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: Salim alikuwa mtu wa Ngazija, na safari yake ya bara inayosimuliwa katika kitabu hicho ni ya Ziwa Nyasa, si ya Tabora; tena Siberia ya kusini si Aktiki. Jibu langu ni kwamba ninachokizungumzia ni shule, na shule haiishii kwenye kuta zake. Safari ile ya Nyasa, iliyopeleka meli ya mvuke ikiwa vipande vipande na kuishusha ziwani mwaka 1893, iliongozwa na Hermann von Wissmann, ambaye mwaka 1882 alipita Tabora alipokuwa akilivuka bara kutoka magharibi kwenda mashariki. Wapagazi, wanyapara, posho, kambi na zamu za lindo ni utaratibu ambao njia ya kati iliukomaza kwa miongo mingi, ukaenea kila msafara ulikokwenda. Ama kuhusu Aktiki, mito ya milima ya Altai, ambayo vilele vyake havivuliwi theluji hata kiangazi, huungana na kuwa mto Ob, na Ob humwaga maji yake katika bahari ya barafu. Salim hakuiona bahari hiyo, nami sidai aliiona. Ninachodai ni kwamba aliielekea nchi ya kaskazini akiwa na maarifa ya kusafiri aliyoyapata Afrika, akasimulia aliyoyaona.

Hoja ya tatu ndiyo inayostahili kujibiwa kwa unyenyekevu. Je, kusifu habari za njia si kufunika minyororo yake? Watu waliuzwa Tabora na Ujiji, wengine walikufa njiani, na wengi wa hao hakuna kitabu kinachowataja kwa majina. Wala baraza la Snay bin Amir halikuwa mbali na biashara hiyo. Lakini kusema njia ilibeba ujuzi si kuisafisha. Wengi wa wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa amekua. Tukiwatia wote katika kapu moja la waliobebeshwa mizigo, tunawadhulumu huru na watumwa pia, kwa maana hata aliyefungwa mnyororo aliijua njia, akazikumbuka mbuga na mito, na pengine kumbukumbu hiyo ndiyo mali pekee ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Kwa hiyo kuna kazi inayowezekana kufanyika sasa. Kwihara kuna nyumba ya kumbukumbu inayosimulia jinsi Livingstone na Stanley walivyofika pale Februari 1872 na kuagana mwezi uliofuata. Ni haki isimuliwe. Karibu nao wawekwe Snay bin Amir na ramani ya maziwa iliyosahihishwa kwa maneno yake, na panda ya mpagazi iliyofungwa kwenye jora, ili mtoto aishike na kuelewa ilivyofikiriwa. Masimulizi ya Sleman bin Mwenye Chande na Salim bin Abakari yachapishwe upya kwa bei ambayo shule ya sekondari ya Tabora, Kigoma au Bagamoyo inaimudu, yasomwe kwa pamoja, ya bara na ya Siberia. Msafara ulipofika mjini, risasi za salamu zilipigwa, mizigo ikashushwa, kisha watu wakakaa na kuulizana habari. Pembe ziliuzwa zikavuka bahari, zikawa mipira ya biliadi na vibao vya piano katika nyumba za mbali. Habari zilibaki katika lugha yetu, na bado zinasubiri kuulizwa.