Gahini na Chimbuko la Uamsho wa Afrika Mashariki

Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao kwa miongo kadhaa ulibadili sura ya makanisa ya Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika, ulianza miongoni mwa watu waliokuwa wamevunjika moyo. Gahini ni kilima kilicho kando ya ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda, ambako wamisionari Waanglikana walijenga hospitali katika miaka ya 1920. Daktari Joe Church, Mwingereza aliyesomea Cambridge, alifika huko mwaka 1928. Mvua zikakatika. Njaa ya 1928 na 1929, ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura, iliua watu wengi sana katika eneo hilo, na maelfu wakavuka mpaka kuingia Uganda kutafuta chakula na vibarua. Hospitali ikageuka kuwa mahali pa kulishia wenye njaa, na si wote waliofika hapo wakiwa bado na nguvu za kula.

Septemba 1929 Church alikwenda Kampala kupumzika, akiwa amechoka mwili na roho. Huko, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi serikalini katika idara ya afya. Kwa siku mbili walikaa na Biblia zao, wakifuatilia aya kwa aya mafundisho juu ya Roho Mtakatifu, kisha wakaomba pamoja. Kwa zama zile jambo hilo halikuwa dogo. Mmisionari alizoea kuja kufundisha. Hapa alikuja akiwa mhitaji, akaketi na Mwafrika kama ndugu yake. Baadaye Nsibambi aliacha kazi ya serikali ili ahubiri, na mdogo wake, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kufundisha shule.

Asiyeijua habari hii angedhani kwamba tangu hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Hospitalini manung'uniko yalizidi: wafanyakazi waliwalaumu Wazungu, Wazungu wakawalaumu wafanyakazi, na mahubiri makali ya Kigozi yakawaudhi wengi. Aliyenung'unika zaidi ni Yosiya Kinuka, kiongozi wa wahudumu wa Kiafrika, ambaye alikwenda Kampala kumweleza Nsibambi ubovu wa mahali pale. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba ubovu huo ulianzia moyoni mwake mwenyewe. Kinuka alirudi akiwa mtu mwingine, akaanza kuwaomba msamaha watu aliokuwa amewakosea. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi uliofanyika Gahini, mtu mmoja alisimama akatubu dhambi zake mbele ya wote, mwingine akafuata, na toba ikaendelea kwa saa kadhaa.

Hapo ndipo ilipo siri ya tumaini la Uamsho. Halikuahidi mvua, mali wala cheo. Lilimtaka mtu akubali kwamba ameshindwa, aseme hivyo waziwazi, kisha aamini kwamba damu ya Yesu inamtosha. Katika mikutano ya ushirika ndugu walipeana ushuhuda: huyu aliiba dawa ya hospitali na sasa anairudisha, yule amemchukia jirani kwa miaka na leo amekwenda kupatana naye. Kila ushuhuda ulipokwisha, waliuimba wimbo wa Kiganda, Tukutendereza, wakishikana mikono na kukumbatiana. Waliita maisha hayo kutembea nuruni. Walikuwa na ukali wao pia, na mara nyingine ndugu aliyesita kutubu alibanwa kupita kiasi.

Kigozi hakuyaona matunda mengi. Alikwenda Kampala kwa ajili ya sinodi ya Kanisa akiwa na ujumbe wa kuwaamsha viongozi waliopoa, akashikwa na homa, akafa Januari 1936. Kifo chake kiliusukuma ujumbe ule mbali zaidi. Mwaka 1937 kundi la wahubiri lilifika Kabete, Kenya, na baada ya muda mfupi moto ukaingia Bukoba, Tanganyika, kwa Walutheri wa Buhaya. Huko ndiko alikotoka Josiah Kibira, askofu aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Wakubwa wa Kanisa hawakufurahi kila mara. Mwaka 1941 chuo cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi zaidi ya ishirini, akiwemo William Nagenda, kwa kukaidi amri ya kuacha mikutano yao ya alfajiri. Hata hivyo ndugu walio wengi hawakuanzisha dhehebu lao. Walibaki makanisani mwao.

Jaribio kubwa Kenya lilikuja baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, na wengi wao wakakataa pia kubeba silaha za serikali, hivyo wakatiliwa shaka pande zote mbili. Baadhi waliuawa. Rwanda nako, Januari 1964, mchungaji Yona Kanamuzeyi, aliyekuwa akiwahudumia Watutsi waliohamishiwa Bugesera, alichukuliwa usiku na askari. Alikwenda akiimba, akauawa na mwili wake ukatupwa mtoni.

Miaka thelathini baadaye, katika mauaji ya kimbari ya 1994, watu walichinjwa ndani ya makanisa ya nchi ileile ambako Uamsho ulizaliwa. Wachunguzi wengine wa historia yake husema kwamba uliushughulikia moyo wa mtu mmojammoja ukaiacha siasa ya ukabila bila kuigusa, na hoja hiyo ina uzito. Lakini haiwahusu wote: Kanamuzeyi alikufa kwa sababu ya kuwahudumia Watutsi.