Farasi na Mbung'o: Wanyama wa Safari katika Nchi ya Mkata na Kilosa

Mbegu ya farasi huhukumiwa kwanza kwa umbo. Farasi wa kuruka vizuizi hutafutiwa bega lililolala nyuma, nyonga zenye nguvu ya kumwinua, miguu ya mbele inayohimili uzito anapotua, na moyo usioshtuka ovyo. Kwa vipimo hivyo mbegu za Ujerumani kama Hanover na Holstein husifiwa sana mashindanoni. Farasi wa Kiarabu, ingawa hushinda wengi kwa kustahimili safari ndefu, huwekwa nyuma yao panapohusika kuruka. Lakini vipimo hivyo vyote hudhani kwamba mnyama ataishi pale anapopelekwa. Katika nchi inayotoka Morogoro, ikapita uwanda wa Mkata na Mikumi mpaka Kilosa na milima ya Usagara, dhana hiyo ilivunjika mara kwa mara.

Pwani kulikuwa na farasi. Waarabu wa Oman walileta Unguja farasi wa kwao pamoja na punda weupe wa Maskati, nao wakaonekana katika majumba ya masultani. Bara mambo yalikuwa mengine. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Usagara, na pembe za ndovu, vitambaa na shanga vilisafiri kwa mabega na vichwa vya wapagazi. Wazungu wengi walidhani huo ni uzembe, au ni kukosa akili ya kufuga. Ukweli ni kwamba wenye misafara walikwisha kuijua njia yao, na kila mgeni aliyetaka kuwasahihisha aliishia kuajiri wapagazi.

Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 akiwa na punda zaidi ya ishirini na farasi wawili, mmoja wao Mwarabu mzuri aliyepewa na Sultani Barghash. Farasi hao hawakufika hata Mkata. Farasi wote wawili walikufa Kingaru, siku chache tu kutoka pwani, wakifuatana kwa muda usiotimia siku moja. Stanley alimpasua aliyetangulia kufa, akaona minyoo tumboni, akaitia hatiani. Kisha msafara ukaingia Mkata wakati wa masika, uwanda umegeuka bwawa. Punda wakawa wanakufa wawili au watatu kwa siku, hata wakabaki watano waliokonda. Ng'ambo ya matope kulikuwa na Rehenneko na bonde la mto Mkondoa, ambalo ndilo bonde la Kilosa.

Jaribio lililofuata lilikuwa la kisayansi zaidi, na kwa sababu hiyo makosa yake yanafundisha zaidi. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alitembea kutoka Saadani hadi Mpwapwa na ng'ombe wanne. Walifika wazima, naye akatangaza kwamba njia hiyo haina mbung'o na inafaa magari ya kukokotwa. Mwaka uliofuata msafara wa magari ulipoanza safari, ng'ombe walikufa wengi na magari yakaachwa. Price alipima kwa safari fupi, lakini ugonjwa wa mbung'o hauui papo hapo. Mnyama hukonda, damu hupungua, macho hutoa machozi, na huenda akaendelea kutembea kwa majuma kabla ya kuanguka. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akajaribu tembo wanne kutoka India, walioshushwa Msasani chini ya Kapteni Carter. Waliumwa na mbung'o bila kudhurika na wakafika Mpwapwa, ila mmoja alifia huko, na mpango wenyewe ukafa pamoja na Carter mwaka 1880.

Maelezo ya vifo hivyo yalianza kupatikana 1895, David Bruce alipoonyesha kule nchi ya Wazulu kwamba mbung'o hubeba kijidudu cha damu kinachosababisha nagana. Farasi alikuwa na adui wa pili, tauni ya farasi, inayoenezwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu wanaozidi penye maji baada ya mvua. Tauni hiyo huua upesi: mapafu hujaa maji na povu hutoka puani. Mkata ilikuwa na vyote viwili, miti inayowapa mbung'o kivuli na uwanda unaofurika. Wala haikuwa nchi isiyokalika kwa jamii ya farasi, kwa kuwa punda milia walijaa humo. Hao wameishi na vijidudu hivyo kwa vizazi visivyohesabika, hubeba maambukizi bila kuugua, na hivyo huyahifadhi kwa ajili ya farasi mgeni.

Wajerumani walipoitawala nchi waliliona jambo hilo wakatamani kulitumia. Fritz Bronsart von Schellendorff alikamata punda milia kaskazini, upande wa Kilimanjaro, kwa nia ya kuwafuga na kuwazalisha na farasi. Kwa afya walifaa, kwa tabia hawakufaa: punda milia huuma, hupatwa na hofu, na huchoka upesi chini ya mzigo. Jibu la kudumu lilikuwa reli. Ilianzia Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapita Kilosa na kumalizikia Kigoma 1914.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilirudisha farasi kwa wingi ambao nchi hiyo haikuwa imeuona. Mwaka 1916 Jenerali Smuts alileta vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Kamanda wake Van Deventer alishuka nao kutoka Kondoa Irangi hadi reli ya kati, akaingia Kilosa tarehe 22 Agosti, kisha akaendelea kusini kuelekea Kidodi. Wapandaji walikuwa stadi, na farasi wao walizoea mbuga, mitaro na mwendo mrefu. Kwa umbo na mafunzo hapakuwa na la kuwalaumu. Lakini kila hatua kuelekea Kilosa na Mikumi iliwaingiza katika mbung'o, na mvua zilileta usubi. Walikufa kwa maelfu, nyumbu na ng'ombe wa mizigo pamoja nao. Askari waliokuja juu ya matandiko walijikuta wakitembea kwa miguu, na mwanzoni mwa 1917 wengi wao walikuwa wamerudishwa kwao. Mzigo wa vita ukawaangukia wapagazi, waliokufa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu. Hao wanastahili kukumbukwa kabla ya farasi yeyote. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kutokana na kikosi chao.

Baada ya vita, mbung'o walipata mtafiti wao katika C. F. M. Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, ambaye baadaye aliongoza utafiti wa mbung'o huko Shinyanga. Aina moja ya mbung'o ina jina lake. Alipigania ufyekaji wa vichaka na uchomaji wa nyasi uliopangwa. Katika miaka ya 1930 taasisi ya Onderstepoort ya Afrika Kusini ilipata chanjo bora ya tauni ya farasi, na dawa za nagana zikafuata. Mkata haikufyekwa ikaisha. Sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi mwaka 1964.

Farasi wa kupandwa na kuruka wamebaki katika nyanda za juu, Nairobi na Arusha, ambako baridi huwapunguza wadudu. Anayetaka kumweka farasi karibu na Mikumi hukabiliwa na adui wawili wenye saa tofauti. Usubi huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, kwa hiyo mnyama afungiwe bandani usiku. Mbung'o huuma mchana, saa ambazo farasi anapaswa kula majani na kufanya mazoezi. Chanjo humkinga na tauni inayoletwa na usubi, ila nagana haina chanjo mpaka leo. Hubaki sindano za dawa, kupima damu mara kwa mara, na kumweka mbali na vichaka, na kazi hiyo ni ileile kwa Hanover, kwa Mwarabu na kwa farasi asiye na nasaba.