Nywele za Singa na za Kipilipili: Sura Moja ya Historia Yetu

Vitabu vyetu vya historia vimesema mengi juu ya misikiti ya Kilwa na misafara ya pembe za ndovu, lakini vimesema machache mno juu ya mwanamke aliyeketi mkekani, kichwa chake kikiwa mikononi mwa msusi. Hata hivyo elimu iliyopitishwa mkekani hapo ni ya kale.

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alieleza habari za mnazi alipoiandika safari yake ya Dhofar, katika Omani. Alitaja jinsi mafuta yake yanavyotiwa katika taa na chakula, na jinsi wanawake wanavyoyapaka nywele zao. Mwambao wetu uliishiriki bahari hiyo hiyo na mti huo huo. Huku kwetu nazi hukunwa kwa mbuzi, tui likakamuliwa kwa kifumbu, kisha likachemshwa kwa moto wa taratibu mpaka maji yakauke na mafuta yaelee juu ya mashapo. Waliopenda manukato walitia maua ya asumini au ya mlangilangi. Bara nako kila watu walikuwa na mafuta yao: uto wa ufuta, mafuta ya nyonyo, samli. Morani wa Kimasai alizisuka nywele zake ndefu na kuzipaka mafuta yaliyochanganywa na udongo mwekundu, hadi siku mama yake alipomnyoa katika sherehe ya eunoto.

Kisha likaja chanuo la moto. Mwanamke Mmarekani mweusi, Madam C.J. Walker (1867–1919), husemwa mara nyingi kuwa ndiye aliyelibuni. Si kweli, ingawa biashara yake ya mafuta ya nywele ilisaidia sana kulieneza. Chuma kiliwekwa juu ya makaa, kikapitishwa katika nywele zilizopakwa mafuta, nazo zikanyooka mpaka zitakapopata maji tena. Baadaye zikafuata dawa zenye kostiki soda, ile ile inayopikiwa sabuni. Hatuna budi kukiri kwamba lugha yetu yenyewe iliifungulia njia biashara hii. Nywele zilizonyooka tuliziita za singa, na kuzisifu. Zetu tukaziita za kipilipili, na neno hilo likatamkwa kwa dharau hata majumbani mwetu. Mtoto aliyelisikia tangu utotoni angekosaje kulitamani chanuo la moto?

Jambo hili lilipata kuwa la siasa. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi tarehe 1 Januari 1969, kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua ngozi. Nia ya kuutetea utamaduni wa taifa ilikuwa ya haki. Lakini wasichana walisumbuliwa na kushambuliwa hadharani mjini Dar es Salaam, na kwa maoni yetu aibu ile haikumfundisha hata mmoja wao namna ya kuzitunza nywele alizozaliwa nazo. Kazi hiyo iliachiwa mama na bibi, ambao hawakuwa na gwaride wala tangazo.

Nao walifanyaje? Kwanza walikata ncha zilizoungua. Hapa sayansi inawaunga mkono, kwa maana unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai na hauwezi kupona kama kidonda. Uliopasuka utazidi kupasuka. Unaotumainiwa ni ule unaoota, nao hurefuka kiasi cha sentimeta moja tu kwa mwezi. Unywele uliojikunja hukauka upesi, kwa sababu mafuta ya ngozi hushuka kwa shida katika mikunjo yake, na kila kona ni mahali pepesi kukatika. Kwa hiyo bibi alipasha mafuta ya nazi yakawa vuguvugu, akayapaka kabla ya kuosha, wala si baada tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha mafuta ya nazi na ya alizeti na yale ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini katika nywele, kwa kuwa chembe zake huweza kupenya ndani ya unywele.

Baada ya kuosha, nywele zilichanuliwa zingali na unyevu, kwa chanuo la mti lenye meno mapana, kuanzia nchani kuelekea kwenye shina. Anayeanzia shinani hukaza mafundo na kukata alichokusudia kukihifadhi. Kisha zikasukwa twende kilioni, bila kuvutwa sana penye paji la uso, zikafunikwa kwa kitambaa usiku, na kuachwa hivyo juma moja au mawili. Chanuo la chuma, kama lilikuwamo nyumbani, lilining'inizwa ukutani jikoni, likaota kutu.