Kutoka Barabarani hadi Kwenye Matini: Alama za Tahadhari katika Programu za Uandishi

Mwandishi anayefunga waraka kabla ya kuuhifadhi husimamishwa na kisanduku kidogo chenye maneno na picha. Picha hiyo aghalabu ni pembetatu iliyobeba alama ya mshangao. Wafasiri wamejadili sana maneno ya kisanduku hicho, ilhali picha imechukuliwa kuwa haihitaji tafsiri. Dhana hiyo haina msingi.

Pembetatu haikuzaliwa katika kompyuta. Mkataba wa Paris wa mwaka 1926 ndio ulioipa hadhi ya kutangaza hatari barabarani. Mwaka 1984 kompyuta ya Macintosh ilitoka ikiwa na ngazi tatu za ujumbe, yaani taarifa, tahadhari na katazo, kila moja na picha yake. Tahadhari ikapewa pembetatu. Mfumo mzima ulipokwama, lilitokea bomu lenye utambi, lililochorwa na Susan Kare. Kare amesimulia kwamba mtumiaji mmoja wa programu ya MacWrite alipiga simu akihofia kuwa mashine yake ingelipuka. Mzaha wa wabunifu ulisomwa kama habari ya kweli.

Kwa istilahi za Charles Peirce, bomu lile ni ikoni kwa maana kamili, kwa kuwa linafanana na kitu halisi. Alama ya mshangao haifanani na chochote. Maana yake ni ya makubaliano, na makubaliano hufunzwa. Je, mzungumzaji wa Kiswahili amefunzwa nini? Darasani huambiwa kwamba alama hiyo hufuata “Lo!” na “Kumbe!”. Hatari yenyewe amezoea kuiona kwenye nguzo za umeme, katika fuvu na mifupa miwili iliyopishana.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa OpenOffice.org kwa Kiswahili mwaka 2004, menyu zilianza kusema Kiswahili. Kazi ya namna hiyo hufanyika katika mafaili ya maneno. Picha hazimo humo. Hivyo mzigo wote humwangukia mteuzi wa neno. Onyo hutolewa na mwenye mamlaka, tena hunusa adhabu, kama ajuavyo kila mwanafunzi aliyewahi kupewa barua ya onyo. Tahadhari huchukuliwa na mhusika mwenyewe. Mwandishi ambaye hajahifadhi waraka hajakosa lolote. Anayemstahili ni neno la pili. Hatari, kwa upande wake, ibakie kwa faili linalokaribia kufutwa lisirudi.

Picha nazo hujaribika. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilizindua alama mpya ya mionzi baada ya kuijaribu kwa watu 1,650 katika nchi 11, Kenya ikiwamo. Microsoft nayo haipendekezi tena ikoni ya alama ya kuulizia katika visanduku vyake, kwa sababu ujumbe wa aina yoyote waweza kuandikwa kwa umbo la swali.