Kolibri kisogo-cheupe

Kolibri kisogo-cheupe (Florisuga mellivora) ni ndege mdogo wa misitu ya joto ya Amerika, kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Bolivia na Brazili, pamoja na visiwa vya Trinidad na Tobago. Linnaeus alimweleza kisayansi mwaka 1758. Neno mellivora, yaani mla asali, limo pia katika jina la nyegere wetu, Mellivora capensis. Ila kolibri huyu hagusi mzinga, hunywa mbochi ya maua na kudaka vijidudu hewani.

Msomaji wa Afrika Mashariki asimchanganye na chozi. Chozi kwa kawaida hutua kijitini kwanza ndipo atie mdomo ndani ya ua. Kolibri husimama hewani, mabawa yakivuma, na akishashiba hurudi kinyumenyume. Jamii yake yote ni ya Amerika. Porini Afrika hayupo hata mmoja.

Dume ana urefu wa sm 12 hivi. Kichwa na kifua ni buluu iliyokoza, mgongo kijani cha kumetameta, tumbo jeupe pepepe, na kisogoni ana alama nyeupe kama hilali. Alama hiyo si rahisi kuonekana kutoka mbele, kwa hiyo tazama mkia: akiutandaza hufunguka kama pepeo jeupe lenye ukingo mwembamba mweusi. Jike ana mgongo wa kijani, na koo lake lina madoa kama magamba ya samaki.

Ukiishia hapo utakosea. Utafiti wa Panama uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba karibu asilimia 20 ya majike waliokomaa huvaa manyoya ya kiume. Makinda wote huanza na rangi hizo. Wakikua, majike wengi huzivua, wachache hubaki nazo. Wanaobaki nazo hufukuzwa kidogo na wenzao, basi hula mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Porini hupenda vilele vya miti, na shingo ya mtazamaji huchoka upesi. Afadhali kungoja kwenye mti uliochanua, au penye chupa za maji ya sukari zilizotundikwa kwa ajili yao. Na katika daftari, usiandike “dume”. Andika “mwenye manyoya ya kiume”.