Elimu endelevu ya madaktari wa mfumo wa chakula

Elimu endelevu ya madaktari wa mfumo wa chakula ni mafunzo anayoyapata daktari wa tumbo, utumbo, ini na kongosho baada ya kuhitimu, maadamu bado anatibu. Hujumuisha mikutano ya kitaaluma, majarida, miongozo ya tiba na mazoezi ya endoskopi (kuchungulia ndani ya mwili kwa mrija wenye kamera) chini ya mkufunzi. Nchini Kenya, kama kwingineko, daktari huhitaji alama za mafunzo ili kuhuisha leseni yake.

Haja yake inaonekana wazi katika historia ya vidonda vya tumbo. Kwa miongo mingi lawama ilibebeshwa asidi na msongo wa mawazo. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren waliotesha bakteria ambaye leo huitwa Helicobacter pylori. Ilichukua miaka mingi kabla ya dawa za kumuua bakteria huyo kuwa tiba ya kawaida, na wakati huo wote wagonjwa waliendelea kupasuliwa kwa ugonjwa ambao mara nyingi ungeponywa kwa vidonge. Tuzo ya Nobel iliwafikia wawili hao mwaka 2005.

Shirika la Gastroenterolojia Duniani (WGO), lililoundwa mwaka 1958, lina vituo vya mafunzo, kimojawapo Soweto, Afrika Kusini. Miongozo yake ina sifa adimu: hupanga hatua za uchunguzi na tiba kulingana na uwezo wa hospitali, hata ile yenye vifaa vichache.

Mfano wa mafunzo hayo uliopimwa vizuri ni ECHO, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 na Sanjeev Arora, bingwa wa ini wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani. Wagonjwa wa homa ya ini C walikuwa wakisubiri miezi mingi kumwona bingwa mjini Albuquerque, na wengine walitoka mbali sana. Arora aliwaacha wagonjwa kwao, akawaunganisha kwa video wahudumu wa vijijini na magerezani. Kila mhudumu alileta tatizo la mgonjwa wake, wakalijadili pamoja na mabingwa, kisha akarudi kumtibu mwenyewe. Dawa za wakati huo, interferoni na ribavirini, zilikuwa kali na zilihitaji uangalizi wa karibu. Matokeo ya wagonjwa 407 yalichapishwa mwaka 2011: virusi viliondoka kwa asilimia 58.2 ya waliotibiwa vijijini na magerezani, na kwa asilimia 57.5 ya waliotibiwa chuoni. Hicho ndicho kipimo cha haki cha mafunzo yoyote ya daktari: hali ya mgonjwa, wala si saa za kukaa semina.

Kwa endoskopi, video pekee haitoshi, kwa kuwa mkono nao lazima ufundishwe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kila asilimia moja ya ziada katika uwezo wa daktari kugundua vinyama vya utumbo mpana iliendana na upungufu wa asilimia 3 wa hatari ya saratani baadaye. Ustadi huo wa mkono unahitajika pia katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, Kenya: huko saratani ya umio ni nyingi, na madaktari huweka mirija ya chuma inayojitanua kwa kutumia endoskopi, bila kutegemea eksirei, ili mgonjwa aliyeshindwa kumeza aweze kula tena.